Baridi ya Benzi la Bi Khairunissa

Geji ilikuwa inapumua. Zablon hakupata neno jingine la kuieleza. Injini ya Benzi ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, ufunguo alikuwa nao mfukoni, kompresa ya AC ilikuwa imekwama haizunguki hata kwa spana, na bado mshale wa geji aliyoifunga kwenye bomba la gesi ulikuwa unapanda kidogo, unatulia, unashuka, unapanda tena. Akaigonga kwa kidole. Mshale ukasimama kama mtu aliyeitwa jina, kisha ukaendelea.

"Geji mbovu," akasema, akaenda kuazima nyingine. Mafundi ndivyo walivyo, jambo likiwashinda wanakilaumu kifaa.

Benzi lenyewe lilikuwa la mwaka themanini na mbili, jeupe kama maziwa, mali ya marehemu mume wa Bi Khairunissa, yule mama wa duka la vitambaa mjini. Alilileta gereji ya Kizota likivutwa kwa kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Nimepata mnunuzi, ila anataka AC ifanye kazi. Fungua kompresa uitengeneze. Lakini gesi iliyomo imwage yote, usitunze hata kidogo."

"Mama, gesi ya zamani kama hii siku hizi haipatikani."

"Imwage, mwanangu." Alisema hivyo akitazama barabarani, na muda wote aliokuwa pale hakuligusa lile gari.

Zablon akaitikia ndiyo, mama. Sasa fundi aliyefanya kazi ya AC miaka kumi na tisa umwambie amwage gesi ya zamani, ni sawa na kumwambia mama ntilie amwage mafuta mazima. Gesi hiyo huvutwa ikawekwa kwenye mtungi, kazi ikiisha inarudishwa. Basi naye akaivuta, akaufunga mtungi. Ulikuwa baridi mno, ikabidi aushike kwa gunia. Hakuona kosa. Na ukweli usemwe, mwaka ule Zablon hakuwa akiona mengi.

Mwezi wa nne alikuwa amemzika mkewe, Dorkasi. Kifua kilimbana ghafla, akakimbizwa hospitali, na saa hiyo Zablon alikuwa chini ya basi la abiria, simu iko kwenye koti ukutani. Alipoitoa akakuta amepigiwa mara ishirini na mbili. Alifika na mikono ya grisi, akakuta shuka limeshafunika uso.

Aliyekuwa kando ya kitanda cha Dorkasi ni mdogo wake Dorkasi, Lea, ambaye tangu hapo alihamia kwao kumlea mtoto wao, Erica. Zablon alimuuliza siku ya mazishi, akamuuliza siku ya kumaliza matanga: Dorkasi alisema nini? Lea alijibu vilevile. "Alilala tu, shemeji. Hakusema kitu." Alijibu haraka, macho chini. Zablon hakuamini. Jambo hilo moja lilimla moyoni. Angetoa chochote asikie neno la mwisho la mkewe.

Mwezi wa kumi na moja, basi, joto la Dodoma likiwa kichwani, akamaliza kazi ya Benzi. Alibadilisha beringi na sili, kompresa ikazunguka laini, akairudisha ile gesi ya kwenye mtungi. Akawasha injini, akabonyeza AC. Baridi ikaja, na pamoja nayo harufu ya zabibu zilizoiva, wakati mizabibu yote ilikuwa haina hata tunda. Dorkasi alikuwa mchumaji wa zabibu. Alikuwa akirudi nyumbani na harufu hiyo kwenye kanga.

"Baba Erica," sauti ikasema taratibu kutoka kwenye matundu ya AC, kwa ile lafudhi ya Dorkasi ya kwao Mvumi, ambayo Zablon alizoea kumtania nayo. "Funga mlango. Baridi inatoka."

Zablon akafunga mlango, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akalia mpaka mafundi wenzake wakaja kugonga kioo.

Tangu siku hiyo kila adhuhuri alikaa mle, vioo juu. Kucha zikaanza kuwa za bluu. Chakula cha Lea kikawa hakina ladha. Hakujali. Alikuwa na swali moja tu, na kila alipouliza, sauti ilimjibu kwa upole: "Mlete Erica. Nitawaambia wote wawili."

Jumamosi Bi Khairunissa akapiga simu. "Fundi, ile gesi uliimwaga?"

"Nilimwaga, mama."

"Alhamdulillahi. Sasa naweza kukwambia. Mume wangu alikuwa anakaa humo kumsikiliza mtoto wetu tuliyemzika. Tulimkuta kwenye usukani saa nane mchana, jua linawaka, naye amekauka kwa baridi. Humo mna jini, mwanangu. Linampa mtu anachokililia, kisha linadai aliye hai."

Alisikia. Alielewa. Na kesho yake baada ya ibada, gereji ikiwa tupu, alimleta mtoto wake wa miaka sita na gauni lake la kanisani. Ndiyo, alimleta. Huzuni ikimzidi mtu humfanya mjinga wa hali ya juu, wala tusimcheke.

"Baba, tunafanya nini?" Erica akanong'ona.

"Tunamsikiliza mama."

Akamkalisha mbele, akawasha AC, akazunguka ili aingie upande wa pili, na mlango ukagoma, na mlango wa Erica nao ukagoma, na kioo kikaanza kuganda barafu kwa ndani, na kupitia ile barafu akamwona mtoto amesogeza sikio kwenye tundu la AC anatabasamu, midomo inapauka, kichwa kinalala polepole begani kama mtu anayebembelezwa, na Zablon alipiga kioo kwa ngumi, akapiga kwa jeki, hakikupasuka, akafungua boneti akachomoa waya wa betri, injini ikafa lakini kompresa ikaendelea kuzunguka yenyewe bila mkanda kuizungusha, akachukua kisu alikate bomba la gesi, na sauti ikamwita kutoka ndani, "Baba Erica, subiri kidogo tu, sasa hivi nakwambia nililosema," na mkono wake wenye kisu, Mungu amsamehe, ulisubiri.

Kisha akalikata bomba.

Gesi ikatoka kwa mluzi mkali, mlango ukafunguka, akamvuta Erica nje, akaanguka naye mchangani akimfunika masikio kwa viganja vyote viwili ili asisikie zaidi. Masikio yake mwenyewe hayakuwa na wa kuyafunika. Na ndani ya mluzi ule uliokuwa unakatika akasikia sauti ya Dorkasi, imechoka, inauliza tena na tena: "Zablon amefika? Zablon amefika?" Mpaka gesi ikaisha.

Erica akakohoa, akalia, akasema anasikia baridi. Zablon akambeba mgongoni mpaka nyumbani.

Lea alikuwa anasonga ugali. Zablon akamlaza mtoto, akamfunika blanketi mbili, akarudi kusimama mlangoni.

"Lea. Dorkasi alikuwa anauliza kama nimefika?"

Mwiko ukasimama. Lea hakugeuka.

"Nani kakwambia, shemeji? Mle chumbani tulikuwa mimi na yeye tu." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Aliuliza mpaka sauti ikamkauka. Sikutaka uishi na hilo."

Zablon akaketi kizingitini, akaitazama mikono yake.

"Basi alikuwa yeye mle ndani ya Benzi," akasema. "Alikuwa bado ananingoja, na mimi nimemmwaga."