Vidonge vya Shangazi Assia

Kila alipotoka shule, Khadidja alipitia nyumbani mtaa wa Buyenzi, akala ugali uliobaki, kisha akaenda sokoni kumsaidia shangazi yake, Assia. Vita vilikuwa vimewachosha watu. Barabara zilifungwa mara kwa mara, biashara ya vitenge ikafa, na sasa shangazi aliuza vidonge vilivyotoka ng'ambo ya ziwa.

"Vinasawazisha homoni za kike na kusafisha sumu mwilini!" alinadi kwa sauti iliyokauka. Wateja wakisita, Khadidja aliongeza kama alivyofundishwa: "Hata mama yangu alivimeza, akapona."

Mama yake hakuwahi kuvigusa.

Mawazo, mkimbizi wa Kongo aliyeishi mtaa wa Buterere, aliyaamini maneno hayo. Kila mwezi alitokwa na damu nyingi kupita kiasi. "Mutoto hawezi kunidanganya," alisema, akanunua.

Miezi ikapita. Aliporudi kutafuta vingine, alitembea akishikilia ukuta, midomo na viganja vimepauka.

"Kituo cha afya walisema nirudi kupimwa," alisema akihema. "Nikawaambia apana, mi niko na vidonge yangu."

Shangazi akamkanyaga Khadidja mguu. Khadidja akajikaza.

"Mama, nilikudanganya. Mama yangu hakuugua, wala hakumeza hata kimoja."

Mawazo akaegemea ukuta. "Hata nguvu ya kukukasirikia sina, we mutoto."

Khadidja akamshika mkono, wakajikongoja hadi kituo cha afya, wakipumzika njiani. Muuguzi Ernestine alimkuta na upungufu mkubwa wa damu na uvimbe kwenye kizazi. Mawazo alipelekwa hospitali siku hiyohiyo, akaongezwa damu, baadaye akapasuliwa.

Nyumbani shangazi alinuna. "Nilikuwa ninatafuta chakula chetu," alisema hatimaye, macho chini. Vile vidonge akaviondoa mezani, akaanza kuuza ndagala, dagaa wa ziwani.

Khadidja alipokwenda hospitali kumjulia hali Mawazo, alimkuta ameketi kitandani, anakunywa uji. Ernestine naye alikuwa amekuja kumwona.

"Sumu mwilini huondolewa na ini na figo," muuguzi alimwambia Khadidja. "Vidonge vile ni majani tu yaliyosagwa, ya jamii ya kabichi. Huenda havikumdhuru. Kilichomdhuru ni neno lako, kwa sababu lilimzuia kutafuta tiba. Sote tumechoka, na sote tuna njaa. Ukweli haushibishi, mwanangu, lakini uongo kwa mgonjwa huua."

Khadidja aliinamisha kichwa. Mawazo akamsogezea kikombe cha uji.

"Kunywa," alisema. "Na wewe umechoka."