Kondoo Asiye na Mkia

Kila Jumamosi Yusra alimsaidia baba yake, Mzee Luqman, katika bucha lake sokoni Ujiji. Alifukuza nzi, akafuta meza, akawafungia wateja nyama. Jumamosi hiyo alikwenda ingawa kikohozi kilikuwa kinamsumbua.

Mzee Luqman aliuza mbuzi na kondoo, na alikuwa na sharti moja: mkia hauondolewi mpaka nyama yote iishe. Wateja wake wengi kwao kondoo ni mwiko, na mnyama akishachunwa, si rahisi kumtambua. Mkia ndio shahidi. Wa mbuzi ni mfupi na mwembamba. Wa kondoo ni mnene, umejaa mafuta.

Mama Honorata alifika kutoka Katubuka na kikapu chake.

"Mwakeye, Luqman," alimsalimu kwa Kiha. "Nipimie mbuzi." Kisha macho yake yakatua kwenye kulabu. "Huyu wa pili mbona hana mkia?"

Mzee Luqman aligeuka. Mkia wa kondoo ulikuwa umekatwa!

"Huyo ni kondoo, mama. Alfajiri nilimtundika na mkia wake."

"Hayo unasema wewe. Na hivi vipande vya mezani ni vya nani? Nitajuaje kama wiki iliyopita hukunilisha kondoo?"

Akaondoka bila kununua. Waliokuwa nyuma yake walitazamana. "Lisemwalo lipo," mmoja alinong'ona, nao wakahamia bucha la jirani.

Mzee Luqman akaanza kumshuku kila mtu: jirani, wachukuzi, hata paka. Mwisho akamkazia macho Castory, kijana mkata nyama, aliyekuwa akimlisha mama yake kwa kazi hiyo.

Yusra akakumbuka jambo. "Baba, asubuhi nilimwona kaka Castory akitokea mlango wa nyuma na kifurushi."

"Kifurushi cha nini?"

Yusra hakujua. Lakini baba alikuwa amemsogelea, anangoja jibu, na Yusra alitaka sana kuwa na jibu.

"Cha mkia. Niliuona."

Castory aliweka kisu mezani taratibu. "Mzee, nilikwenda kutupa taka za matumbo. Yusra, kweli uliuona mkia?"

Yusra alikazana kufukuza nzi ambao hawakuwepo. Castory akavua aproni, akaikunja, akaenda zake.

Jioni Yusra alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Bibi yake, Mwanakombo, alimwita jikoni akaanza kumpaka kifuani mafuta ya uvuguvugu. Harufu yake ilikuwa nzito, na Yusra aliijua vizuri.

"Bibi, mafuta haya umeyatoa wapi?"

"Kwa mwanangu! Nikaombe kwa nani tena? Nilipita alfajiri, baba yako yuko msikitini. Nikaukata mkia mwenyewe. Nusu ile pale kwenye bakuli."

Yusra alilitazama bakuli. Angeweza kunyamaza. Mafuta yangeisha, na hakuna ambaye angejua. Lakini kila alipovuta pumzi, harufu ile ilimkumbusha Castory akikunja aproni.

"Bibi, nimemsingizia mtu," akasema, akalia.

Asubuhi Yusra alimweleza baba yake kila kitu. Wakamfuata Castory kwenye mwalo wa Kibirizi, wakamkuta amebeba gunia la dagaa begani. Yusra alimwomba radhi palepale mbele ya wachukuzi. Waliporudi naye sokoni, Bibi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni mwa bucha na bakuli lake, akimwonyesha Mama Honorata nusu ya mkia.

"Mwizi ni mimi," bibi alisema. "Nilichukua bila kuomba. Kosa langu hilo."

Mama Honorata alilichungulia bakuli, akacheka bila kutaka. "Basi nipimie mbuzi. Ila unikatie huku naona!"

"Nami nilimhukumu Castory kabla sijauliza," alisema Mzee Luqman. Kisha akamgeukia binti yake. "Yusra, ungesema umeona kifurushi tu, tungeuliza kilichomo. Uliposema umeona mkia, swali likafa, na mtu akapoteza kazi. Sema ulichokiona, uishie hapo. Usilolijua, sema hulijui. Si aibu."

"Nimeelewa, baba."

Castory alivaa aproni yake, akamtundika kondoo mpya.

"Haya, Yusra. Huyu ana mkia?"

"Anao."

"Una hakika?"

Yusra alisogea, akaushika mkia kwa mkono, ndipo akajibu.