Mashine Ilipomkana Mama Povu

Mama Povu alifua nguo za watu miaka ishirini. Jina hilo alipewa na mtaa, naye akalizoea. Mumewe, fundi viatu, alikuwa na kisukari. Kila mwezi mkewe alimchukulia sindano za dawa zahanati, bila malipo.

Mwezi mmoja zahanati ikaleta mashine ya kusoma alama za vidole. Asiyetambuliwa kidole hapati dawa.

Mama Povu aliweka kidole. Taa nyekundu. Akaweka kingine. Nyekundu tena.

"Mashine haikutambui," alisema karani wa dirishani.

"Ala! Wewe si unanijua, mwanangu? Hilo shati nimelifua mimi!"

"Nakujua, mama. Lakini inayoamua ni mashine. Anayefuata!"

Maskini, alidhani vidole vyake ni vichafu. Alifika nyumbani akavisugua kwa sabuni kali na jiwe la kusugulia nyayo, mpaka vikawaka moto. Kumbe alikuwa anafuta hata ile mistari michache iliyobaki! Aliporudi, mashine ilivikataa vyote kumi. Akaenda zake.

Wiki zikapita bila dawa. Mumewe akapata kidonda mguuni, kikaoza. Hospitali wakaukata mguu.

Jirani yao, mhudumu wa afya, alikuja kuwapa pole. Akavishika vidole vya Mama Povu.

"Dada, sabuni imekula alama zako. Hukuwa na kosa. Siku hizi sheria inasema mashine peke yake haiwezi kumnyima mtu haki yake. Ikikukataa, dai mtu akusikilize na aangalie kitambulisho chako. Akikataa naye, akuandikie sababu."

"Sheria hiyo ipo tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mama Povu aliangua kilio. Usilolijua ni usiku wa kiza, na kiza hicho kilikuwa kimemla mguu mumewe.

"Maji yameshamwagika, dada," jirani alisema. "Tuokoe yaliyobaki."

Asubuhi wakaenda pamoja.

"Leo sitoki hapa," Mama Povu alimwambia karani. "Kitambulisho hiki hapa. Ukinikatalia, niandikie sababu, utie sahihi."

Karani alishika kalamu. Akaiweka chini. Akamwita mganga mkuu, ambaye alitazama kitambulisho, akaandika daftarini, akatoa sindano. Siku hiyohiyo aliagiza kila anayekataliwa na mashine ahudumiwe kwa kitambulisho.

Nyumbani, fundi viatu alichomwa sindano yake.

"Kumbe ni kudai tu?" aliuliza.

"Ni kudai tu, baba watoto," alisema mkewe, akaufunika mguu uliobaki.