Bwawa la Kupigia Picha

Mwili wa dobi ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, chini kabisa ya hosteli ya chuo. Maji yalikuwa yameshuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Mashuka ya wanafunzi yalining'inia kwenye mabomba, mazito kwa tope.

"Maji yaliingilia dirishani, afande," alisema konstebo. "Mlango huu unafunguka kwa ndani. Yakishajaa, huuvuti ng'o."

Inspekta alitazama kucha za marehemu. Zilikuwa zimekatika. Mshipa wa shingo ukamsimama Inspekta, mama wa watu, na konstebo akajua leo kuna mtu atakiona cha moto.

Inspekta aliinama, akaokota samaki kando ya mkono wa maiti. Mdogo, mwekundu, wale wa kufugwa kwa mapambo. Chini ya mashine ya kufulia kulikuwa na wengine.

"Mvua ya jana ilinyesha samaki?"

Konstebo aliwaokota wote. Samaki wakatiwa kwenye mfuko wa vidhibiti vya kesi.

Mkurugenzi wa mazingira wa chuo, profesa mzima, aliwapokea ofisini akikoroga chai. Dobi yuko njiani kwenda chumba cha maiti, na yeye anakoroga chai.

"Uzembe mtupu," alisema. "Fundi wa maji hakuzibua mtaro. Nimeshamkabidhi kwa polisi wa kituo cha hapa chuoni."

"Fundi huyo ni mume wa marehemu."

"Inasikitisha sana."

"Na bwawa lililo juu ya hosteli?"

"Lile ni la kukinga mafuriko, Inspekta. Hukaa tupu, likisubiri mvua. Nimelichora mwenyewe. Jana lilikuwa tupu, likajaa kwa mvua, likafurika. Mvua za siku hizi hazina adabu."

Fundi wa maji alikuwa mahabusu, amekaa sakafuni bila viatu.

"Mke wangu amezikwa?"

"Bado. Daktari anamfanyia uchunguzi."

"Basi niacheni nimzike, halafu mnifunge mnavyotaka."

"Kwanza niambie. Bwawa lina lango la kutolea maji. Nani alilifunga?"

Fundi aliikunja miguu yake mitupu.

"Profesa. Alijaza bwawa kwa maji ya bomba, akatia lango kufuli, ufunguo akauchukua. Kisa wageni waliokuja kukagua chuo kwa ajili ya tuzo ya mazingira. Mvua ilipoanza nikampigia. Nikamwambia bwawa halina nafasi tena, hosteli iko chini, mke wangu yuko kule na mashuka. Akasema nisubiri, wageni hawajaondoka."

"Ukasubiri?"

"Nilikuwa na nyundo mkononi, afande. Nikasubiri ruhusa." Alijifunika uso. "Nyundo mkononi, nikasubiri ruhusa."

Inspekta alitoka akisaga meno. Neno la fundi dhidi ya neno la profesa. Alijua mizani ya namna hiyo huelemea wapi, na ilimuudhi kupita kiasi.

Kwenye geti la chuo alisimama ghafla. Asubuhi alipita hapo bila kuinua macho. Sasa aliliona bango kubwa kuliko gari lake: Chuo cha Kijani Kinawakaribisha Wageni wa Tuzo. Kwenye picha, profesa amechuchumaa kandokando ya bwawa lililojaa pomoni, anatabasamu, anamimina samaki wekundu kutoka kwenye ndoo.

Alirudi na konstebo ofisini kwa profesa bila kubisha hodi. Akautua mfuko wa samaki kando ya kikombe.

"Umesema bwawa lilikuwa tupu. Hawa walikuwa wakiogelea kwenye vumbi?"

Kijiko kilisimama.

"Fundi amesema ufunguo wa lango unao wewe. Fungua droo."

"Una hati ya upekuzi?"

"Ninayo. Na bango lako la getini nimelipiga picha."

Konstebo alitoa humo ufunguo mkubwa, umefungiwa utepe wa kijani kama zawadi. Profesa alipewa onyo la kisheria, kwamba ana haki ya kunyamaza. Alilisikiliza lote, kisha akazungumza tu.

"Mnajua shimo tupu lina sura gani? Miaka yote wananicheka, wanasema profesa amechimba kaburi la tembo. Nilitaka lipendeze mara moja tu. Wageni wakishaondoka ningefungua."

"Fundi alipokupigia ulikuwa wapi?"

"Nikiwahutubia."

"Kuhusu nini?"

Aliinamisha kichwa. "Jinsi chuo chetu kinavyostahimili mafuriko."

"Ulijua kuna mtu ndani?"

"Aliniambia."

"Sema ulijua."

"Nilijua. Nilidhani mvua itapungua. Lango lingefunguliwa, wageni wangeona matope na samaki wanaorukaruka."

Inspekta alimfunga pingu kwa mbele, pale ambapo wanafunzi wote wangeziona, akamtoa kupitia geti, chini ya tabasamu lake mwenyewe.

Fundi aliachiwa alasiri. Hakwenda kwanza chumba cha maiti. Alichukua nyundo yake, akapanda moja kwa moja bwawani, Inspekta nyuma yake. Bwawa lilikuwa bado limejaa hadi ukingoni, na wingu jingine lilikuwa limeshatanda. Kule chini, wanafunzi walikuwa wakianika magodoro madirishani.

"Ufunguo sasa ni kidhibiti," alisema Inspekta. "Siwezi kukupa kabla ya kuandika kibali."

"Sijakuomba," alisema fundi, akainua nyundo juu ya kufuli la lango.