Nazi Arobaini hadi Kwihara

Stesheni ya Tabora siku hiyo ilikuwa imefurika. Treni ya Dar ilikuwa imeshusha watu na vifurushi vyao, na kila mtu alitakiwa kunawa kabla ya kutoka getini. Ulikuwa mwisho wa Machi, mwaka ule wa korona, na ndoo za kunawia zilikuwa mbili tu, kila moja na foleni yake ndefu. Fikiri, fundi wa pampu za maji, alikuwa hoi kwa safari, foleni wala hakuiona. Alikwenda moja kwa moja kwenye koki, akaanza kujisugua viganja kwa raha zake.

"Kaka, kwani sisi tumesimama hapa kupiga picha?"

Akageuka. Msichana aliyesema alivaa dera la zambarau na ushungi wa rangi hiyohiyo, na barakoa ya kitenge iliyoacha macho tu. Macho yenyewe yalikuwa yanacheka.

"Samahani, dada'angu. Ndiyo kwanza nafika."

"Unatokea wapi wewe usiyeona watu thelathini?"

"Dar. Lakini kwetu hasa ni Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Wa kuzaliwa."

Msichana akapiga kigelegele, akamkwapua kofia kichwani na kuivaa juu ya ushungi wake. Foleni nzima ikacheka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani na kulala Uzaramo njiani. Mtani akikunyang'anya kitu huendi polisi. Unakikomboa.

"Haya, nitaikomboaje?"

"Babu zangu walibeba mizigo mpaka Bagamoyo. Leo zamu yenu. Katoni lile la sabuni, begani, twende!"

Fikiri akabeba. Jua lilikuwa kali na katoni lilimkata bega, lakini alimfuata yule mwenye dera bila kunung'unika. Walipofika kwenye hoteli ndogo yenye kuta za kijani, akashangaa kuona ndiyo hoteli ambayo ofisi yake ilimwekea chumba. Msichana akazunguka nyuma ya meza ya mapokezi, akamrudishia kofia, akafungua daftari la wageni.

"Mimi Kabula. Wewe?"

"Fikiri."

"Siku ngapi?"

"Tisa tu."

Hakusema uongo. Alikuja kufunga pampu katika vijiji vya Uyui, siku tisa na kurudi. Siku ya sita bosi wake akapiga simu kutoka Dar: kila mfanyakazi abaki mkoa aliopo, hakuna kusafiri mpaka kampuni itakaposema. Siku tisa zikawa wiki tisa.

Asikudanganye mtu kwamba kukaa hotelini ni starehe. Wiki ya kwanza ni starehe. Baada ya hapo unaujua kila uzi wa pazia, sabuni ni ileile ndogo inayokuponyoka, na hakuna wa kumwambia kwamba leo kisima cha Isikizya kimetoa maji safi. Hoteli ya vyumba ishirini ilibaki na wageni watatu. Fikiri aligundua kwamba kitu pekee kinachomfanya awahi kurudi jioni ni ile simu ya kitandani, ya kupiga mapokezi.

"Mapokezi, karibu."

"Chumba namba saba. Huku kuna mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Upweke. Na njaa."

"Mzaramo hajawahi kushiba tangu dunia iumbwe! Teremka, Mzee Shomari ameshapakua."

Mzee Shomari ndiye aliyekuwa mpishi. Kwa kuwa wageni walikuwa wachache, wote walikula meza moja, na hapo ndipo Kabula alipovua barakoa mbele ya Fikiri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mwanya. Fikiri akabaki na tonge mkononi.

"Hujaona mtu akila?"

"Nashangaa mnavyotia karanga kwenye kila mboga."

"Na nyie mnavyotia nazi kwenye kila kitu! Nadhani hata chai yenu ina tui."

Ikawa hivyo kila siku, mfungo wote wa Ramadhani, kuanzia futari mpaka Mzee Shomari azime taa za jikoni. Nani hakuona? Kabula alianza kuchagua ushungi kwa dakika kumi. Fikiri alianza kupiga pasi mashati ya kwenda kuchimbia mitaro. Walipendana, na wote wawili walijua, ila katika wiki zote hizo hawakuwahi kusemezana lugha nyingine isipokuwa ya utani.

Hilo ndilo lililowaponza. Idi Mosi, mbele ya pilau na watu wote, Kabula akiwa na hina mpaka viwiko na kaka yake Issa amekuja kutoka Kwihara kumsalimia, Fikiri akakohoa na kusema huku anacheka, kwa kuwa aliogopa kusema bila kucheka:

"Kabula, mimi nakuoa."

Moyo wa Kabula uliruka. Kisha akauona uso unaocheka, akaona haya kuamini peke yake mbele za watu.

"Unioe na nini? Mzaramo ana nini zaidi ya nazi? Haya, lete arobaini! Toka stesheni mpaka kwetu Kwihara, begani. Hakuna bodaboda. Ukitua njiani, posa imevunjika!"

Issa nusura apaliwe na soda. Meza nzima ilicheka, Fikiri naye akacheka, ila pilau haikupanda tena. Alijiona amekataliwa hadharani.

Kuanzia hapo akaomba chakula kipelekwe chumbani. Kabula akasubiri simu ya mgonjwa wa namba saba, haikulia. Wiki moja baadaye kampuni ikaruhusu watu warudi.

"Ijumaa naondoka," Fikiri alisema pale mapokezi, akiangalia daftari.

"Haya. Safari njema, mtani."

Kila mmoja alimsubiri mwenzake aongeze neno. Kabula akaomba likizo siku ileile, akaenda kwao Kwihara. Alijiambia hawezi kumgongea mhuri wa kuondoka mtu anayempenda, na njiani alilia.

Fikiri alimpigia mama yake kumwambia anarudi, na bila kutaka akajikuta ameeleza yote.

"Kwani alisema hapana?" mama aliuliza.

"Alisema nazi arobaini, begani."

"Sasa hapana iko wapi hapo?"

"Mama, ulikuwa utani."

"Na wewe ulipomwambia, ulikuwa na uso gani?"

"Nilikuwa nacheka."

"Basi hujamwambia bado, mwanangu. Mimi kuja huko na korona hii siwezi. Nazi zinaweza. Omba siku chache kazini."

Jumanne asubuhi, Kabula alikuwa uani kwao akimenya karanga na mama yake, akiamini Fikiri yuko Dar siku ya nne sasa. Simu ikalia. Alikuwa Mzee Shomari, anahema.

"Mwanangu, uko nyumbani?"

"Nipo. Shikamoo. Mbona unahema hivyo?"

"Marahaba. Natembea. Tangu saa kumi na mbili natembea, na miguu yangu hii! Nimepewa kazi ya kuhakikisha mtu hatui. Usitoke hapo."

Akakata. Kabula akasimama, karanga zikamwagika kwenye mkeka. Kwenye njia ile ya zamani ya misafara, katikati ya vumbi jekundu, alikuwa anakuja mtu mwenye kanzu nyeupe iliyolowa jasho, kofia kichwani, gunia begani. Nyuma yake Mzee Shomari alichechemea, viatu mkononi.

Fikiri akafika, akasimama mbele yake.

"Hukuondoka?" Kabula alisema kwa sauti ndogo.

"Hukutaka nitue njiani."

"Hakutua," Mzee Shomari alidakia. "Pale njia panda alitaka. Nikamsema."

"Kabula," Fikiri alisema, na safari hii hakucheka hata kidogo, "siku ile nilikuambia kwa mzaha kwa sababu niliogopa. Leo sina mzaha. Nakupenda. Nataka kukuoa, na mama yangu amenituma. Utani tutaendelea nao baadaye, miaka yote. Sasa hivi nijibu, bega linaniua."

Kabula alikuwa analia na mwanya wake uko nje. Alimtazama mama yake. Mama alisogeza karanga pembeni na kukung'uta mkeka, akaacha nafasi kubwa katikati.

"Nitue, basi," Fikiri alisema.

Kabula akaingiza bega lake chini ya gunia, wakalishusha pamoja polepole mpaka kwenye mkeka. Kisha akainuka, akamvua kofia na kuivaa juu ya ushungi wake, kama siku ile stesheni.

"Nitaikomboaje?" Fikiri aliuliza, akijifuta jasho.

"Hii," Kabula alisema, "haikombolewi tena."