Kona ya Nne ya Jiko la Mama Minza

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu, Agosti 1998, saa nne asubuhi. Nilikuwa likizo kutoka chuo, na dada yangu Verdiana alinichukua nikamwone akifanya kazi kwenye karakana ya useremala pale Misunkumilo. Mgeni mmoja wa kanisa alikuwa amewaachia kompyuta yenye programu ya kuchora makabati ya jikoni. Kwanza unachora kuta za chumba, mstari mmoja mmoja, unaunganisha ncha kwa ncha. Zikikutana zote, sakafu inajaa rangi. Hapo ndipo unaweka mlango, kisha makabati.

Jiko la Mama Minza, mteja wa karakana, liligoma. Kuta tatu zilishikana, ya nne ikaacha pengo.

"Fundi, umepima kona tatu tu," dada alilalamika.

Fundi Venansi hakuacha kupiga randa. "Ya nne nakisia kwa macho. Mama Minza alikuwa katikati ya jiko anasonga ugali. Mtu hai hazungushiwi tepu, binti. Anayepimwa pande zote ni yule tunayemchongea sanduku."

Nilicheka. Mimi ndiye niliyecheka, sitamsingizia mtu. "Fundi, hiyo hoja ushahidi wake uko wapi?"

"Nyie wa chuo," akasema, "ushahidi mnautaka mpaka uwakute."

Tukapanda baiskeli, tukaenda kupima wenyewe. Mama Minza alishika ncha ya tepu, mimi nikaivuta ukuta hadi ukuta, kona zote nne. Dada alisimama katikati, akiandika vipimo kwenye daftari.

Tulirudi mchana. Dada aliuvuta ukuta wa nne kwa mausi. Ncha zikashikana. Sakafu ikajaa rangi.

"Unaona?" nikamwambia fundi. Akaendelea kupiga randa.

Dada akajaribu kuweka mlango. Programu ikakataa. Akajaribu ukuta mwingine. Ikakataa.

"Mbona kumepoa ghafla?" akauliza, akainuka akanywe maji.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi, jua la saa saba limemwagika juu ya mbao. Alipiga hatua mbili, akajigonga. Mbele yake hapakuwa na kitu. Akanyoosha viganja, akaanza kupapasa hewa. Akakata kona. Akapapasa. Akakata kona tena.

"Scola," akanong'ona, "mlango uko wapi?"

"Huo hapo, dada. Mbele yako."

"Acha utani."

Nilimfuata nimshike mkono. Vidole vyangu viligota kwenye kitu kigumu, cha baridi, chenye mikwaruzo ya plasta. Nikahesabu hatua zake. Urefu, nne. Upana, tatu. Lilikuwa jiko lile lile tulilolipima.

Nikashika mausi. Nikaufuta ukuta wa nne. Ukarudi. Nikaufuta. Ukarudi. Midomo ya dada ilikuwa inacheza, sauti haifiki. Venansi akakimbia nje kuzima jenereta.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Dada hakuwepo.

Polisi waliandika kwamba ametoroka na mwanaume, labda wako Mishamo. Mwanaume gani? Nani kamwona? Hawakuwa na shahidi hata mmoja. Mimi niliyeona kwa macho yangu niliambiwa nikapumzike, nimesoma sana. Chuoni nimewashinda watu kwa hoja dhaifu kuliko yangu siku ile. Pale kaunta nilisema yote, kwa mpangilio, na yule askari akafunga kitabu chake. Mama bado anapeleka salamu Mishamo kila anaposikia kuna mtu anaenda.

Mama Minza sasa anapikia uani. Wiki iliyopita alinifungulia lile jiko, yeye akabaki nje. Kwenye chokaa kuna mstari, usawa wa bega, umesuguliwa mpaka unang'aa, kama pale kiganja kinapopita kila siku. Unazunguka kuta zote nne. Ukifika mlangoni haukatiki. Unapita juu ya ubao wa mlango, unaendelea upande wa pili.

Niliugusa. Ulikuwa na joto.