Mbegu za Mama Klara

Kitendawili! Nina mdomo, nina masikio, lakini tumbo langu likiuma anaulizwa mwanangu. Mimi ni nani? Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Gitega? Haya, nimekwenda Gitega, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni mzee anayependwa mno. Sasa nikueleze habari za mmoja wao.

Klara ni mjane wa miaka sabini na minne. Analima kilimani Gashoho, huko Muyinga. Mwezi wa nane aliteleza kisimani, goti likavimba. Mwanawe Gervasi, seremala wa Gitega, akaja kumchukua.

"Umelima vya kutosha, mama. Sasa ukae, ule."

Klara akakaa. Mkwewe Letisia, mke wa Gervasi, alimpenda kweli. Maziwa asubuhi, maziwa jioni. Klara akishika ufagio, Letisia anaunyakua. "Mama, pumzika!" Siku zikawa ndefu.

Kitu cha maana alichokuja nacho ni kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na maharagwe ya mbegu, mekundu, meupe na ya njano. Aliyachagua mwenyewe, moja moja. Alingoja goti lipone, mvua inyeshe, arudi kupanda.

Jumapili moja ya Septemba, Letisia akaleta sahani ya moto. Maharagwe kwa ndizi na mawese. Klara akatazama. Mekundu, meupe, ya njano.

"Letisia mwanangu, umeyatoa wapi haya?"

"Kwenye kitambaa chako, mama. Nimeona yataliwa na wadudu bure."

"Zilikuwa mbegu."

"Mbegu za nini tena, mama?" Gervasi akacheka kwa upole. "Shamba nimeshampa binamu yangu Kastori alime."

Klara akaweka kijiko chini. Hakula siku hiyo, wala kesho yake.

Siku ya tatu Gervasi akaogopa, akampeleka kituo cha afya. Muuguzi alikuwa Donatienne, Mkongo wa Kivu ya Kusini. Akavuta kiti karibu na Klara.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Hali chakula," akajibu Gervasi. "Ni uzee tu."

"Papa, mi sijauliza we. Mama iko na mdomo yake."

Gervasi akasogea nyuma.

Klara akasema polepole, "Goti limepona. Ila wamepika mbegu zangu. Na shamba langu limegawiwa nikiwa hai."

Donatienne akamgeukia Gervasi. "Uzee si ugonjwa, papa. Mtu akizeeka, mwili ni wake bado. Shamba ni yake bado. Usigawe kitu yake kama hajakubali. Usiamue atalala wapi kama hujamuuliza. We unamupenda, naona. Basi muulize!" Kisha akamshika Klara mkono. "Mama, we unapenda kuishi wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Klara hivyo. Si alipokimbilia Tanzania wakati wa vita, si aliporudishwa nyumbani, si alipoletwa Gitega.

"Niache nifikiri," akasema.

Jioni hiyo Gervasi akampigia simu Kastori. "Ndugu yangu, nilikupa kisicho changu. Nisamehe."

"Nami nilipokea bila kumuuliza mwenyewe," akasema Kastori. "Shamba lipo. Akirudi, nitamchotea maji."

Kesho yake Letisia na Klara wakaenda sokoni kununua maharagwe ya mbegu. Letisia akashika kikapu, Klara akachagua. Haya yametobolewa. Haya ni ya mwaka juzi. Wauzaji watatu akawapita.

"Kizee hiki kina macho!" akacheka wa nne.

"Sema mama," akamkatiza Letisia. "Ndiye anayenifundisha mbegu."

Usiku Klara alikula sahani mbili. Gervasi akasogea karibu.

"Mama, muuguzi alikuuliza unapenda kuishi wapi. Nami sijui. Niambie."

Klara akafuta mdomo. Hakuwa na haraka.

"Mvua ikinyesha nitakaa Gashoho, nipande, nivune. Kiangazi nitakuja kukaa nanyi. Na mwakani mniulize tena, huenda nikabadili mawazo."